Kisima Kimoja, Ndoo Nyingi: Jinsi Tulivyohamishia Kazi ya Chama kwenye Seva

Jioni moja ya Novemba 2023, katika chumba tunachokutania kila Alhamisi, kikombe cha chai ya maziwa kilimwagikia kompyuta mpakato ya katibu wetu. Tulikimbilia vitambaa, tukaigeuza kifudifudi, na mmoja wetu akashauri tuizike kwenye mchele kama watu wanavyofanya kwa simu iliyoanguka majini. Haikuwaka tena. Ndani yake mlikuwa na kazi ya wiki tatu: programu ya kutafutia maneno tuliyokuwa tukiiandika, na rekodi nne za sauti za wazee wetu wa hapa mjini. Hakuna hata moja iliyokuwa imenakiliwa mahali pengine.

Wanachama wengi wanaufahamu mradi huo, lakini kwa faida ya wageni tueleze kidogo. Tunawatembelea wazee wa Kiswahili wanaoishi katika mji huu wa Uingereza, wengine wametoka Unguja na Pemba, wengine Mombasa na Lamu, wengine Bukavu, na tunawaomba watueleze maneno ambayo sisi vijana hatuyatumii tena: majina ya pepo, sehemu za jahazi, vyombo vya jikoni, kazi ya ukili. Kila neno linarekodiwa, linaandikiwa maana na mfano, kisha linaingizwa katika orodha ambayo mwanachama yeyote anaweza kuitafuta kwa kompyuta.

Rekodi tatu kati ya zile nne tulizipata tena. Bibi mmoja alicheka tulipomweleza yaliyotokea, akakubali kurudia yote, na vitumbua akatupikia. Rekodi ya nne ilikuwa ya mzee aliyewahi kuwa baharia ujanani. Alikuwa ametumia saa nzima kutueleza tofauti ya kaskazi, kusi, matlai na umande, na namna tanga lilivyogeuzwa kwa kila upepo. Tulipanga kumrudia Januari. Mzee wetu alifariki kabla ya Januari, Mungu amrehemu. Mpaka leo neno "matlai" katika orodha yetu lina maana tuliyoitoa kwenye kamusi.

Walimu wetu walituomba tuandike jinsi tulivyojipanga baada ya hapo, ili chama kingine kisisubiri kumwagikiwa chai. Makala haya ndiyo jibu. Tumejaribu kuyaandika kwa namna ambayo hata mwenzetu wa isimu ambaye hajawahi kuandika mstari mmoja wa programu ataifuata hoja, na yule wa sayansi ya kompyuta atapata cha kujaribu leo usiku.

Shida ilikuwa nini hasa

Chai ilifichua tatizo lililokuwapo zamani. Kila mmoja wetu alikuwa anafanya kazi kwenye kompyuta yake. Mmoja alikuwa na Windows, mwingine Mac, wawili walikuwa na Linux. Toleo la Python lilitofautiana kutoka meza hadi meza. Mwenye Windows akiita faili "Maneno" kwa herufi kubwa, na ndani ya programu akaliandika "maneno" kwa herufi ndogo, kwake lilifunguka bila tatizo, lakini kwa mwenye Linux programu ilikataa kwa sababu huko herufi kubwa na ndogo ni vitu viwili tofauti. Sentensi iliyosikika sana Alhamisi ilikuwa moja: "Mbona kwangu inafanya kazi?"

Kulikuwa na jambo jingine ambalo hatukuliona mapema. Mwenzetu mmoja alikuwa na kompyuta aliyopewa na mjomba wake, ya zamani, yenye kumbukumbu ya GB 4. Akifungua kihariri, kivinjari na programu yetu kwa pamoja, ilikwama mpaka aizime kwa nguvu. Alianza kutoa udhuru: leo ana kazi ya darasa, wiki ijayo ana mgeni. Tulidhani amechoshwa na mradi. Kumbe alikuwa anaona haya kukaa na mashine iliyoganda huku wenzake wanaendelea. Huyu ndiye tuliyemtegemea zaidi kwa lafudhi za Lamu, na tulikuwa karibu kumpoteza kwa sababu ya kifaa.

Seva ni nini, na kwa nini mbali

Seva ni kompyuta kama nyingine, ila haina skrini wala kibodi mbele yake, haizimwi usiku, na inakaa katika jengo lenye umeme wa uhakika na intaneti ya kasi. Unaweza kukodi sehemu ya kompyuta ya namna hiyo kwa mwezi. Sisi tulikodi moja iliyoko Ujerumani, yenye kumbukumbu ya GB 2 na mfumo endeshi wa Linux, kwa fedha za ada ya chama. Tuliipa jina la Kisima, kwa sababu kila mtu angeteka humo kwa ndoo yake.

Mwanzoni tulikosea matumizi. Tuliendelea kuandika programu kwenye kompyuta zetu, kisha tukawa tunapakia faili Kisimani kila tukimaliza. Ndani ya wiki moja kulikuwa na faili tano za jina moja zenye tarehe tofauti, na hakuna aliyejua ipi ni ya kweli. Ndipo tulipoelewa kwamba kupakia faili hakutoshi. Kazi yenyewe ilipaswa kuhamia huko: faili ziwe huko, Python iwe huko, programu iendeshwe huko, na sisi tubaki na dirisha la kuandikia tu.

Njia ya kuifikia seva ya mbali kwa usalama inaitwa SSH. Ilitungwa mwaka 1995 na Tatu Ylönen, mtafiti wa chuo cha teknolojia cha Helsinki nchini Ufinlandi, baada ya watu wasiojulikana kunasa nywila katika mtandao wa chuo hicho. Kabla yake, wengi waliingia kwenye kompyuta za mbali kwa njia zilizopeleka nywila wazi wazi, kama barua isiyo na bahasha. SSH huyafunga mazungumzo yote kwa fumbo ambalo ni pande mbili tu zinaweza kulifumbua.

Kwa miaka mingi mtu aliyeingia kwa SSH alifanya kazi kwenye skrini nyeusi ya amri, na wengi wanaipenda hivyo hadi leo. Mwaka 2019 kampuni ya Microsoft ilitoa kiendelezi cha kihariri chake cha VS Code kinachoruhusu kuhariri juu ya seva kama vile faili ziko mezani kwako. Siri yake ni kukigawa kihariri nusu mbili. Nusu ya kwanza, yenye madirisha, rangi na herufi unazoziona, inabaki kwenye kompyuta yako. Nusu ya pili inajisakinisha yenyewe kwenye seva mara ya kwanza unapounganisha, ndani ya folda yako ya nyumbani. Hiyo ya pili ndiyo inayosoma faili, inayotafuta makosa na inayoendesha programu.

Ukiandika neno, herufi zinatokea papo hapo kwa sababu zinachorwa kwako. Ukihifadhi, mabadiliko yanasafiri. Kazi ya kuendesha Python na kupekua maelfu ya mistari inabebwa na seva, kwa hiyo ile kompyuta ya mjomba ilipunguziwa mzigo wake mzito. Mwenzetu wa Lamu alirudi Alhamisi ya kwanza baada ya sisi kuunganisha, na hakutoa udhuru tena.

Hatua tulizozifuata

Hatua ya kwanza ni kumfungulia kila mtu akaunti yake. Usiwape wote akaunti ya mkuu wa mfumo, ile iitwayo root. Kwa nini, tutaeleza kwenye makosa.

Hatua ya pili ni funguo. Nywila hukisiwa, na tulijionea wenyewe. Asubuhi ya kwanza baada ya kuifungua seva, tulisoma daftari la matukio tukakuta mamia ya majaribio ya kuingia kutoka kwa watu tusiowajua, wakikisia majina na nywila. Ni mashine zinazozunguka mtandaoni usiku kucha zikisukuma kila mlango. Dawa ni kuacha nywila kabisa na kutumia jozi ya funguo. Kwenye kompyuta yako, katika dirisha la amri, unaandika:

ssh-keygen -t ed25519

Utapata faili mbili. Ile inayoishia na .pub ifikirie kama kufuli: unaweza kumpa yeyote akalifunga kwenye mlango wowote, haidhuru. Ile nyingine ndiyo ufunguo wenyewe, na haipaswi kutoka kwenye kompyuta yako hata siku moja. Ukiulizwa neno la siri la kuulinda ufunguo huo, liweke, ili hata kompyuta ikiibiwa mwizi asiweze kuutumia kwa urahisi. Kufuli lako unamtumia msimamizi wa seva, naye analiweka ndani ya akaunti yako.

Hatua ya tatu ni kuandika anwani mahali pamoja ili usiikariri. Ndani ya folda ya .ssh kwenye kompyuta yako kuna faili iitwayo config. Kama haipo, iunde. Yetu ina mistari minne:

Host kisima
HostName (anwani ya seva)
User (jina la akaunti yako)
IdentityFile ~/.ssh/id_ed25519

Kuanzia hapo, ukiandika ssh kisima unaingia. Kihariri nacho husoma faili hilohilo, kwa hiyo ukimwambia akuunganishe na seva, jina la kisima litatokea kwenye orodha. Subiri kidogo mara ya kwanza, kwa sababu ile nusu ya pili inapakuliwa na kusakinishwa. Kisha fungua folda ya mradi. Kama kona ya chini kushoto inaonyesha jina la seva, uko huko.

Hatua ya nne huwachanganya wengi. Viendelezi vya kihariri pia vimegawanyika. Vile vya rangi na mwonekano vinakaa kwako. Vile vinavyohitaji kusoma msimbo, kwa mfano cha Python, lazima visakinishwe upande wa seva, hata kama tayari unavyo kwako. Mwanachama akilalamika kwamba kihariri "hakioni" Python, jambo la kwanza tunalomuuliza ni: umekisakinisha wapi?

Hatua ya tano hufurahisha. Programu yetu ya kutafutia maneno hufunguka kwenye kivinjari, kupitia mlango namba 5000 wa seva. Hatukutaka kuufungua mlango huo kwa dunia nzima wakati kazi haijakamilika. Kihariri kinaweza kuupitisha ndani ya njia ileile ya SSH, ukaandika localhost:5000 kwenye kivinjari chako ukaiona. Mwalimu mmoja alipoonyeshwa alishangaa: "Kwa hiyo hii iko Ujerumani, ila ni mimi tu ninayeiona hapa?" Ndivyo, Mwalimu.

Makosa yetu, tuyaseme

Kosa la kwanza lilitokea siku ya pili. Tuliwaomba wanachama watume kufuli zao kwenye kundi letu la WhatsApp. Mmoja akatuma ufunguo. Faili lenyewe linajitambulisha katika mstari wa kwanza kwamba ni la faragha, lakini mtu mwenye haraka hasomi. Tulilifuta ndani ya dakika chache, ila kitu kilichopita kwenye simu za watu thelathini si siri tena. Ilibidi jozi yote itupwe na nyingine itengenezwe. Siku hizi tunasema hivi: kabla ya kutuma, angalia jina linaishia na .pub au la. Kama haliishii hivyo, weka simu chini.

Kosa la pili lilitokana na kushirikiana akaunti ya root katika wiki ya kwanza. Mmoja wetu alitaka kufuta folda ya majaribio. Aliandika amri ya kufuta, akaacha nafasi mahali pasipo na nafasi, na mashine ikafuta folda ya mradi wote bila kumuuliza. Root haulizwi, kwa kuwa mfumo unaamini mkuu anajua afanyalo. Bahati njema, safari hii kulikuwa na nakala. Tangu siku hiyo kila mtu ana akaunti yake, na watu wawili tu wana ruhusa ya kufanya mambo ya mkuu, nao wanaiomba ruhusa hiyo kwa kila amri.

Kosa la tatu ni la sisi sote. Tulifungua folda moja ya pamoja, watu watano wakahariri humo. Dada mmoja na kaka mmoja walifungua faili moja kwa wakati mmoja. Aliyehifadhi mwisho ndiye kazi yake iliyobaki; ya mwenzake ilifunikwa. Seva ya pamoja haimaanishi folda ya pamoja. Sasa tunatumia Git, programu huria iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005. Ghala kuu liko Kisimani, kila mtu ana nakala yake katika folda yake, na kazi zinaunganishwa kwa mpango. Wawili wakigusa mstari mmoja, Git inasimama na kuwataka wakubaliane.

Kosa la nne lilikuwa la kumbukumbu. GB 2 zilimtosha mtu mmoja au wawili. Alhamisi tulipounganisha watu watano kwa pamoja, seva iliganda, hata ssh ya kawaida ikawa haijibu. Sababu ni kwamba kila mtu anayeunganisha anaanzisha nusu yake ya kihariri huko, pamoja na viendelezi vyake. Tulifanya mambo manne. Tuliongeza kumbukumbu hadi GB 4. Tuliweka sehemu ya diski isaidie kumbukumbu inapojaa. Tuliondoa viendelezi visivyohitajika. Na tulikiambia kihariri kisichunguze folda ya rekodi za sauti, kwa kuwa kilikuwa kinalinda maelfu ya faili ambazo hakuna anayezihariri. Hilo la mwisho halikugharimu hata senti.

Kosa la tano karibu litufungie nje. Tulipokuwa tunazima kuingia kwa nywila, msimamizi alibadilisha mpangilio, akaanzisha upya huduma ya SSH, kisha akafunga dirisha. Ufunguo wake ulikuwa umewekwa vibaya. Tulirudi ndani kwa njia ya dharura ya mwenye seva baada ya saa mbili za jasho. Kanuni yake ni nyepesi: ukibadilisha kufuli la mlango, usitoke nje kabla hujaujaribu ufunguo mpya. Fungua dirisha la pili, jaribu kuingia, ukifanikiwa ndipo ufunge la kwanza.

Kutoka Pemba

Mtihani mkubwa ulikuja mwaka 2024. Mwenzetu mmoja alikwenda kwao Pemba kumuuguza mama yake, akakaa miezi minne. Yeye ndiye aliyeandika sehemu kubwa ya programu, na alisema hataki kuiacha. "Usiku mama akilala," alituambia, "na mimi nipate changu cha kufanya."

Hapa umbali ukawa jambo la kuhesabiwa. Mwanga ndani ya nyaya za kioo husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Ujerumani hadi Pemba ni karibu kilomita 7,000 kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo hata kama waya ungenyooka hivyo, kwenda na kurudi ni milisekunde 70. Nyaya hazinyooki, zinazunguka baharini na kupita vituo vingi, na yeye alikuwa anapata zaidi ya mara mbili ya hiyo. Kwa kihariri kilichogawanywa nusu mbili hili halikumsumbua sana, kwa sababu herufi zilichorwa kwake. Lililomsumbua ni umeme kukatika na intaneti kupotea. Programu ya kuchambua rekodi ilichukua dakika arobaini, na uunganisho ukikatika kati, ilikufa nayo.

Dawa tuliyompa ni tmux, programu inayoshika kazi yako upande wa seva. Unaingia, unaandika tmux, unaanzisha kazi. Umeme ukikatika Pemba, kazi inaendelea Ujerumani. Ukirudi, unaandika tmux attach, unaikuta ilipofikia. Alituandikia siku ya kwanza: "Nimezimikiwa umeme mara tatu na kazi imekwisha. Sijaamini."

Kisha, tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za chini ya bahari zinazohudumia Afrika Mashariki, EASSy na Seacom, zilikatika kwa upande wa kusini, na intaneti ikadorora Tanzania na nchi nyingine kadhaa za eneo letu. Siku hizo kihariri kizito kilishindwa kuunganisha. Mwenzetu alirudi kwenye skrini nyeusi. Alitumia mosh, programu inayofanya kazi ya SSH kwa mtandao mbovu: inakisia herufi unazobonyeza na kukuonyesha kabla seva haijajibu, na uunganisho ukipotea inasubiri hadi urudi. Ndani yake alihariri kwa Vim.

Vim tuitaje kidogo, maana ina uhusiano na kwetu. Mtunzi wake, Mholanzi Bram Moolenaar, aliitoa mwaka 1991. Miaka michache baadaye alifanya kazi ya kujitolea Kibaale, kusini mwa Uganda, na tangu hapo programu yake ikawa inawaomba wanaoitumia wachangie watoto wa huko. Ukiifungua bila kutaja faili, moja ya maandishi ya kukaribisha huwa yanaitaja Uganda. Moolenaar alifariki Agosti 2023. Mwenzetu anasema ndiyo ilikuwa karama ya ajabu kwake: usiku, Pemba, intaneti ikitiririka kama bomba bovu, na chombo kinachomtajia jirani.

Alirudi mwezi wa Agosti. Mama yake anaendelea vizuri, na sehemu ya kutafuta maneno kwa mzizi wake iliandikwa yote katika usiku huo.

Maneno ya kazi hii

Tukiwa chama cha Kiswahili, hatukuweza kufanya haya bila ubishi wa istilahi. Wenzetu wa Kenya walisema tarakilishi na kipakatalishi. Wa Tanzania kompyuta na kompyuta mpakato. Wa Bukavu walileta maneno yenye asili ya Kifaransa. Nywila au nenosiri? Tulipiga kura, ikawa sare. Tumekubaliana kwamba katika maelezo ya ndani ya programu kila mtu aandike neno lake, mradi awe na msimamo katika faili zima, na kwamba maelezo yote yawe kwa Kiswahili. Hatukuanza sisi: mwaka 2004 mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini kwa Kiswahili. Sisi tunaongeza tofali moja juu ya ukuta huo. Kihariri, kiendelezi, ghala, nakala rudufu, kuunganisha: tukiyatumia kila Alhamisi yatazoeleka.

Amana

Tunamalizia na jambo lililotuanzisha. Seva siyo nakala rudufu. Ni kompyuta ya pili inayoweza kuharibika kama ya kwanza, na mwenye jengo anaweza kuifunga siku moja bila kukuuliza. Kila Jumapili usiku Kisima hunakiliwa mahali pawili, na mara moja kwa muhula tunajaribu kurejesha nakala hiyo kwenye kompyuta tupu, kwa sababu nakala ambayo haijawahi kurejeshwa ni matumaini tu. Mara ya kwanza tulipojaribu, nusu ya rekodi hazikuwamo. Heri kujua hivyo siku ya majaribio.

Pia tunawarudia wazee kuwaeleza sauti zao zimewekwa wapi na nani anaweza kuzisikia. Bibi yule wa vitumbua alituuliza kama Wajerumani watamsikia akisema juu ya mkwewe. Tulimjibu hapana, na tukazifunga rekodi zake kwa fumbo zaidi. Alichotupa ni amana, na msimamizi wa seva ni mshika amana. Kwa sababu hiyohiyo, usiunganishe kihariri chako na seva ya mtu usiyemwamini: njia ile inayokupeleka huko inaweza kumleta yeye kwako.

Mwenzetu wa kompyuta ya mjomba ndiye msimamizi wa Kisima mwaka huu. Kompyuta ni ileile. Ndiye aliyeandika maelezo ya kuunganisha ambayo kila mgeni anapewa, na kanuni yake ni moja: lisilowezekana kwenye mashine yake halipitishwi. Rekodi zilizomo sasa ni mia moja na kumi na mbili, za wazee kumi na tisa.

Kwa anayetaka kujiunga, njoo Alhamisi saa kumi na mbili jioni na kompyuta yoyote inayowaka. Tutakutengenezea akaunti, utatengeneza ufunguo wako mwenyewe, na kabla ya kwenda nyumbani utakuwa umeongeza neno moja kwenye orodha. Chai ipo kama kawaida. Tumeihamishia meza ya dirishani.